Kumwajiri mkurugenzi wa jumba la sanaa Lamu: mwongozo kamili kwa wadhamini

Mwongozo huu ni wa wadhamini wa majumba ya sanaa na makumbusho madogo ya jamii hapa Lamu, yale yanayoendeshwa na bodi yake yenyewe kwa ada za mlangoni na misaada. Makumbusho yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kama lile la bandarini na ile Ngome, huajiri kwa taratibu za serikali, kwa hiyo hayahusiki hapa.

Nimeuandika kwa sababu malalamiko yanayonifikia ni yale yale: "Tulitangaza kazi, maombi yakaja kwa wingi, tukamchukua mwenye karatasi nzuri kuliko wote, na mwaka haukuisha akaondoka." Kosa huwa limeshafanyika kabla ya tangazo kutoka. Bodi haikukubaliana inamtaka mtu aje afanye nini, na aliyekuja hakuonyeshwa hali ya jumba mpaka alipokwisha kuhama na mizigo yake. Hatua zilizo hapa chini zinaanza kwa kuziba matundu hayo mawili.

Tengeni miezi mitano hadi sita. Bodi inayotaka kumaliza kwa mwezi mmoja huishia kumwajiri mtu ambaye kila mmoja alikuwa anamjua tayari.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hati ya udhamini au katiba ya taasisi, ili ijulikane nani hasa ana mamlaka ya kuajiri na kuachisha kazi.
- Hesabu za miaka 3 iliyopita, zilizokaguliwa kama zipo.
- Daftari la vitu vya jumba: kila mchoro, kila mlango wa nakshi, kila kofia, na mahali kilipo.
- Orodha ya wafanyakazi, mishahara yao na mikataba yao.
- Makubaliano yote na wafadhili, na wasanii walioazimisha kazi zao, na mwenye nyumba.
- Fedha za shughuli yenyewe: nauli, malazi na chakula cha wagombea watatu kwa siku mbili.
- Mshahara wa mkurugenzi wa miezi 12, uliokwisha kupatikana.
- Kalenda ya Kiislamu na ya kawaida, zikiwa mezani pamoja.

Kama mshahara wa miezi 12 haupo, simameni hapa mpaka upatikane. Kumwita mtu aache kazi yake Mombasa au Nairobi kwa matumaini kwamba mfadhili atajibu barua ni kumdhulumu.

## Hatua ya 1: Andikeni hali halisi, kurasa mbili

Kaeni bodi nzima, bila mgeni, muandike jumba lilivyo leo. Paa linavuja wapi? Mnadaiwa na nani? Vitu vingapi viko daftarini lakini havionekani stoo? Wageni hupungua miezi gani? Nani kati ya wafanyakazi amekaa miaka mingi bila mkataba?

Mwishoni mwa kurasa hizo jibuni swali moja: katika miaka 3 ijayo, mkurugenzi huyu akifanya mambo matatu tu, yawe yapi? Jumba ambalo stoo yake inaliwa na mchwa linahitaji mtu tofauti na jumba ambalo stoo yake ni salama ila vijana wa mtaa wa Langoni hawajawahi kuvuka kizingiti chake.

Sababu ya kuandika ni kwamba ndani ya bodi huwa mmeficha tofauti zenu. Mmoja anataka mtu wa kutafuta fedha, mwingine anataka mwanachuoni, wa tatu anataka mtoto wa nyumbani. Msipolimaliza jambo hilo sasa, litatokea siku ya mahojiano mbele ya mgombea, na atalisikia.

Tahadhari: msilainishe maneno. Kurasa hizi atazisoma kila atakayefika fainali.

Mmefaulu ikiwa wadhamini wote wametia sahihi, pamoja na yule aliyekuwa akibisha.

## Hatua ya 2: Mpeni mtu ukaimu, kwa maandishi

Barua ya kaimu iseme tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, posho yake, na mambo asiyoruhusiwa kuyaamua peke yake: kuajiri, kuazimisha vitu, kutia sahihi mkataba wa zaidi ya mwaka.

Kama kaimu naye anataka kazi hiyo, aombe kama wengine, na asiguse faili hata moja la maombi. Mwambieni mapema, kwa heshima, ana kwa ana. Nimewahi kukaa katika jopo moja ambako hakuna aliyemwambia chochote kaimu aliyeshikilia jumba kwa mwaka na nusu. Alisikia jina la mkurugenzi mpya barazani, kutoka kwa muuza kahawa. Aliondoka wiki ile ile, akaondoka na mambo mengi ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Lawama ile ni yetu sote tuliokaa kwenye jopo, na mimi nikiwemo.

## Hatua ya 3: Undeni kamati ya watu watano

Wadhamini wawili, mtu mmoja anayejua kazi ya makumbusho kutoka nje ya Lamu, msanii au fundi mmoja wa hapa, na mtu mmoja anayejua fedha. Watano wanatosha, na kura haifungani.

Kila mmoja aandike kama ana undugu, biashara au deni na mwombaji yeyote, na aandike tena baada ya orodha ya majina kujulikana. Lamu ni ndogo. Watu wameoana, na hakuna aibu kuwa shemeji ya mwombaji. Aibu ni kukaa kimya na kumpa alama. Mwenye uhusiano wa karibu atoke chumbani mwombaji wake anapojadiliwa.

Kubalianeni pia juu ya siri. Jina likitajwa barazani baada ya swala ya Alasiri, mwajiri wa mwombaji aliyeko Malindi atakuwa amelipata kabla ya Isha.

## Hatua ya 4: Andikeni kazi yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha. Gawanyeni sifa sehemu mbili, za lazima na za ziada. Za lazima zisizidi sita, na kila moja iwe inapimika.

Bodi nyingi hunakili sifa kutoka tangazo la taasisi kubwa: shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka 10, na kadhalika. Halafu mtu aliyeendesha kituo cha utamaduni kwa miaka minane, anayewajua mafundi wa majahazi wa Matondoni na washona ngozi wa Siyu kwa majina, anachujwa siku ya kwanza kwa kukosa karatasi moja. Kama kweli mnahitaji shahada, semeni ni ya kazi gani. Kama hamuwezi kusema, iondoeni.

Kiswahili kiwe sifa ya lazima. Mkurugenzi asiyeweza kuzungumza na bibi aliyeleta kofia ya marehemu mumewe ihifadhiwe, akamweleza itatunzwaje na itabaki mali ya nani, hataletewa kitu kingine.

Suala la mwenyeji na mgeni litakuja tu, kwa hiyo liamueni hapa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu, ujauzito na mengineyo. Hamuwezi kuandika "awe mzaliwa wa Lamu". Mnaweza, na ni haki yenu, kudai ujuzi: awe anaujua utamaduni wa mwambao, awe tayari kuishi hapa, awe ameshawahi kufanya kazi na jamii kama yetu. Mwenyeji mwenye uwezo atavuka vigezo hivyo bila kubebwa, na atakayemshinda hatasemwa kwamba alipenyezwa.

Elezeni pia mkurugenzi anawajibika kwa nani. Kanuni za maadili za ICOM, Baraza la Kimataifa la Makumbusho, zinataka mkuu wa makumbusho awajibike moja kwa moja kwa bodi na aweze kuifikia. Hapa kwetu mara nyingi kuna mdhamini mmoja anayepita kila asubuhi kuwapa wafanyakazi maagizo. Kama tabia hiyo haitakoma, mkurugenzi wa maana hatadumu.

## Hatua ya 5: Taja mshahara

Uandikeni kwenye tangazo, hata kama ni wa chini hadi wa juu. Kuficha mshahara kunawapotezea muda watu wote.

Hesabuni gharama yote: michango ya NSSF na tozo ya nyumba, ambayo mwajiri hulipa asilimia 1.5 na mfanyakazi asilimia 1.5, nyumba ya kupanga, safari za kikazi. Anayetoka bara apewe gharama ya kuhama, maana mizigo yake itafika Mokowe kwa lori, ivuke kwa boti, kisha ipande vichochoroni kwa punda na hamali.

## Hatua ya 6: Tangazeni, kisha mtafute

Wiki nne za tangazo zinatosha. Peleka kwa redio za mwambao, magazeti, vyuo vikuu vyenye idara za sanaa na historia, vyama vya wasanii, na mitandao ya watu wa makumbusho Mombasa, Zanzibar na Nairobi. Kwa raia wa kigeni semeni wazi kwamba kibali cha kazi kitahitajika na nani atakilipia.

Tangazo peke yake halileti watu bora, kwa sababu wengi wao wana kazi na hawasomi matangazo. Kila mwanakamati apige simu kumi, akiuliza, "Unamjua nani ambaye ungependa kufanya kazi chini yake?" Swali hilo limenipatia majina mazuri kuliko tangazo lolote nililowahi kuliandika. Anayepatikana kwa simu aombe kwa maandishi kama wengine.

Angalieni kalenda. Msiweke mwisho wa maombi wala mahojiano ndani ya Ramadhani, wala wiki ya Maulidi ya Mfungo Sita, mji unapojaa wageni wa Msikiti wa Riyadha na chumba cha kulala hakipatikani. Mkiweza, waleteni wagombea wakati wa masika. Hapo wataona paa linavyovuja na jumba lilivyo bila watalii.

Usitoze ada yoyote ya maombi. Na makaratasi ya gharama, kama cheti cha tabia njema cha polisi, yaombwe kwa mtu mmoja tu mwishoni, si kwa watu themanini mwanzoni.

## Hatua ya 7: Mchujo

Watu wawili wasome kila ombi, kila mmoja peke yake, wakijaza alama kwa sifa zile zile za hatua ya 4. Alama zikitofautiana sana, msomaji wa tatu aamue. Bakizeni wanane, mzungumze nao kwa simu ya video dakika 40 kila mmoja, maswali yale yale, kisha watatu waje Lamu.

Walioachwa waandikiwe ndani ya wiki. Maombi yao ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: yasizungushwe kwenye makundi ya WhatsApp, na yafutwe shughuli ikiisha.

## Hatua ya 8: Siku mbili ndani ya jumba

Hapa ndipo mkurugenzi anapopatikana. Nawasihi msiibane hatua hii iwe saa moja ya maswali mezani. Wapeni wagombea zile kurasa mbili za hali halisi pamoja na hesabu wiki moja kabla, kila mgombea aje siku zake, na wasikutanishwe.

Stoo kwanza. Mfungulieni stoo kabla ya chai, mkae nyuma yake, mnyamaze. Msimwongoze. Tazameni macho yake yanakwenda wapi. Mgombea mmoja aliingia akasifu uzuri wa kila kitu kwa dakika ishirini. Aliyefuata alipiga magoti mbele ya ubao wa mlango wa nakshi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaugonga kwa kifundo cha kidole mahali patatu, kisha akapitisha kidole sakafuni chini yake. Kikatoka na unga mwepesi, wa rangi ya mbao mpya. Akamgeukia mlinzi: "Mzee, hapa palifagiliwa lini mara ya mwisho?" Mlinzi akajibu, "Juzi, mwanangu." Akasema, "Basi wadudu wako hai. Ubao huu utengwe na vingine leo." Unga mpya baada ya kufagia ni dalili kwamba mbao bado zinabunguliwa. Hakuna swali la mezani ambalo lingetuonyesha hilo.

Muulize pia juu ya ukungu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hadi 70 kwa muda, ukungu huanza kuota kwenye karatasi, nguo na ngozi, na mwambao wetu hufika huko kwa urahisi. Anayejibu "tutaweka kiyoyozi" mwambie umeme umekatika siku mbili, umsikilize. Jibu la maana lina feni, nafasi kati ya kitu na ukuta, vitu kuinuliwa sakafuni, kipimo cha unyevu kinachosomwa na kuandikwa kila siku, na jina la mtu atakayekisoma.

Mafundi na jirani. Mchana akae na mafundi, wasanii na akina mama wa mtaa kwa saa mbili, kwa Kiswahili, bila wadhamini. Hapo jambo la kupima ni moja: aliuliza maswali mangapi kabla ya kuanza kueleza mipango yake? Baadaye mkusanye maoni yao kwa mmoja mmoja, maana sisi, mbele ya watu, huwa hatumsemi mgeni vibaya.

Karatasi ya fedha. Siku ya pili mpeni bajeti yenu halisi na tatizo hili: mapato ya mlangoni yameshuka kwa theluthi, na mfadhili amechelewa miezi mitatu. Ana saa moja na nusu. Utalipa nini kwanza? Jibu zuri linaanza na mishahara, na kodi ya wafanyakazi inayotakiwa kufika KRA, mamlaka ya mapato, si baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ulinzi wa stoo. Halafu linataja wazi kitakachosimamishwa. Anayeandika "nitatafuta wafadhili wapya" tu, hajajibu.

Kitendawili cha kiti. Mwambie: mgeni tajiri anataka kununua kiti cha enzi kilichomo stoo na kukisafirisha nje, kwa fedha zinazotosha mishahara ya mwaka. Unasemaje? Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Zaidi ya sheria, kanuni za ICOM zinataka fedha za kitu kilichoondolewa kwenye mkusanyiko zirudi kwenye mkusanyiko, zisilipe umeme wala mishahara. Msidai atoe nambari za vifungu. Dai asite, aulize kiti ni cha lini na kilipatikanaje, na mwisho aseme hapana bila kuyumba.

Mahojiano ya kamati yafanyike mwisho, saa moja na robo. Maswali yaanze na "Tueleze mara moja ulipo...", mtu asimulie alichokifanya. Msimuulize mwanamke kama ataolewa au atazaa. Ni kosa, na mtapoteza mtu.

Kila mwanakamati ajaze alama zake kabla ya mazungumzo yoyote. Mwenyekiti aseme wa mwisho, la sivyo wote watamfuata yeye.

Mmefaulu ikiwa mnaweza kueleza kwa mifano ya mlichokiona kwa nini huyu na si yule. Kama hakuna aliyefaa, msichukue "aliye nafuu". Ongezeni muda wa kaimu, mrudi hatua ya 6.

## Hatua ya 9: Pigeni simu kwa waliofanya naye kazi

Barua za sifa hazisemi kitu. Ongeeni kwa simu na watu watatu: aliyekuwa mkubwa wake, aliyekuwa mfadhili, na aliyekuwa chini yake. Huyo wa mwisho ndiye muhimu. Pata ruhusa ya mgombea kwanza. Ulizeni, "Alipoondoka, mliyakuta mambo katika hali gani?" kisha mnyamaze. Kimya kirefu kabla ya jibu nacho kiandikeni.

## Hatua ya 10: Ofa na mkataba

Mwenyekiti ampigie mwenyewe, kisha barua ifuate siku hiyo hiyo. Msiwaarifu waliokosa mpaka huyu atie sahihi, lakini msiwaweke zaidi ya wiki mbili.

Mkataba uwe wa maandishi, ukitaja mambo matatu ya hatua ya 1 kama kazi ya kupimwa kwayo. Kwa Sheria ya Ajira, muda wa majaribio hauzidi miezi 6, na huongezwa kwa miezi 6 mingine tu ikiwa mfanyakazi amekubali. Likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi. Mwanasheria ausome kabla ya sahihi.

## Hatua ya 11: Makabidhiano

Mkurugenzi anayeondoka au kaimu, mkurugenzi mpya na mdhamini mmoja wapite stoo pamoja na daftari mkononi. Kama vitu ni vingi, chagueni vya thamani kubwa vyote na sehemu moja kwa kumi ya vilivyobaki, kwa kubahatisha. Kila kisichoonekana kiandikwe siku hiyo. Asipofanyiwa hivi, kitu kilichopotea miaka mitano iliyopita kitakuja kuitwa kimepotea mikononi mwake.

Siku hiyo hiyo akabidhiwe nywila za barua pepe na kurasa za mtandaoni, na barua ya benki ya kubadilisha watia sahihi ipelekwe. Ndani ya wiki ya kwanza mwenyekiti amtembeze yeye mwenyewe, kwa miguu: kwa majirani wa jumba, kwa masheikh na maimamu wa mtaa, kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayosimamia uhifadhi wa mji wa kale, kwa idara ya utamaduni ya kaunti. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na hata kubadilisha dirisha la jumba kutamhitaji awe anajuana na watu hao.

Siku 90 za kwanza asidaiwe maonyesho mapya. Adaiwe daftari la vitu lililosahihishwa, mazungumzo na kila mfanyakazi, na ripoti ya kurasa tano kwa bodi, aziweke kando ya zile mbili mlizoziandika nyinyi, na aseme ni wapi mlikosea.

Funguo za stoo zikabidhiwe mwisho, baada ya orodha kutiwa sahihi na watu watatu. Nakala moja ya orodha ibaki ofisini, moja kwa mwanasheria, na moja kwa mkurugenzi mwenyewe.